Fujeri-muti ya bonde: tusiuze shina, tuoteshe vumbi yake



Somo letu la leo halihusu mihogo wala kahawa. Tunataka kuzungumuza juu ya mumea ambao wengi wenu munaupita kila siku mukienda kuchota maji, bila kuuangalia. Ni ile fujeri kubwa yenye shina kama muti, inayosimama mu bonde karibu na chemchemi, majani yake yakiwa yamefunguka juu kama mwavuli. Kiswahili cha vitabu kinaita mimea ya jamii hii kangaga. Sisi huku tumezoea kusema fujeri, kutoka Kifaransa. Ile yenye shina tutaiita hapa fujeri-muti.

Juu ya nini tunaileta mu gazeti ya walimaji? Juu iko na bei mujini, na ile bei inaweza kutusaidia ao kutuharibia, kufuatana na namna tunavyoifuata.

Tulitembelea koperative moja mu milima ya Kivu. Mbele yetu alikuwa amepita mutu mumoja kutoka mujini, akitafuta fujeri-muti kwa bustani ya nyumba yenye alikuwa anajenga. Alilipa kwa kila shina, pesa mukononi. Vijana wakachimbua zote zilizokuwa kandokando ya chemchemi ya kijiji. Tulipofika, mashimo yalikuwa yangali wazi, na kila mvua ilikuwa inashusha udongo ndani ya maji. Mama mumoja alituonyesha bidon yake: maji yalikuwa ya rangi ya chai. Akatuambia: «Ile pesa tulikula siku tatu. Maji machafu tuko nayo mpaka leo.»

Kisha tukauliza habari ya zile fujeri zenyewe. Zilipandwa mu jua kali, mbele ya ukuta mweupe. Karibu zote zilikauka. Basi, mununuzi alipoteza, na kijiji kilipoteza. Ndiyo sababu tumeandika somo hili.

1. Tuijue kwanza

Wenye elimu ya mimea wanaiita Cyathea manniana. Wengine wanaandika Alsophila manniana. Hilo neno la pili linatoka kwa Gustav Mann, Mujerumani aliyekusanya mimea ya Afrika ya Magharibi karibu mwaka 1860 kwa ajili ya bustani ya Kew, kule London. Lakini wazee wetu waliijua mbele yake, na kila luga ya milima yetu iko na jina lake. Waulizeni wazee wa kwenu, muandike lile jina mu daftari ya koperative.

Inamea mu misitu ya milima, hasa mu mabonde yenye kivuli na kandokando ya mito midogo. Kwetu inaonekana mu misitu ya Kivu, kama ile ya Kahuzi-Biega. Iko pia mu Bwindi kule Uganda, mu Nyungwe kule Rwanda, na mu milima ya Usambara kule Tanzania. Shina lake ni jembamba na linaweza kupita metri 6. Jani moja linaweza kufika metri 2 na zaidi. Angalisho: mashina na vikonyo vya majani viko na miiba. Mutu asiishike bila kitambaa kizito ao ganti.

Haipukutishi majani yake yote kwa mara moja. Mwaka muzima iko kijani, hata wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati nyasi za kilima zimekuwa za manjano. Majani ya zamani yanakauka moja moja na kulegea chini, na mapya yanatokea katikati, juu kabisa. Jani changa linatoka likiwa limejikunja kama konokono, kisha linajifungua polepole. Pale katikati ndipo uko moyo wa fujeri. Ukiukata ule moyo, ao ukauvunja wakati wa kusafirisha, kwa kawaida shina lote linakufa. Si kama mukaratusi wenye tunakata na unachipuka tena.

Fujeri haina maua, haina matunda, haina mbegu. Jamii ya fujeri ilikuwako duniani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, mbele ua la kwanza halijafunguka. Inazaa namna gani? Tutaona mu sehemu ya nne.

2. Tusiichanganye na fujeri ya moto

Mulimaji mumoja alituuliza: «Munatuambia tulinde fujeri, na sisi iko inatushinda mu mashamba! Tunaikata, inarudi.» Alikuwa na haki, lakini alikuwa anasema juu ya fujeri ingine.

Kuna fujeri ya vilima vilivyo wazi, yenye inapenda jua na udongo uliochoka. Jina lake la kitaalamu ni Pteridium. Haina shina la kusimama. Shina lake linatembea chini ya udongo, kwa hiyo moto ukipita, majani yanaungua lakini ile ya chini inabakia nzima, na inachipuka mbele ya mimea mingine. Kadiri tunavyochoma kilima, ndivyo tunavyoipa nafasi. Tena ni sumu kwa mifugo: ngombe akiila kwa muda murefu anagonjwa, na anaweza kufa. Hiyo tuipunguze: tuache kuchoma, tuikate mara kwa mara ikiwa ingali changa, tupande miti ya kuleta kivuli.

Fujeri-muti ni kinyume chake. Inachukia moto, inachukia jua kali, inatafuta udongo wenye kuoza kwa majani. Ile ya kwanza inaonyesha kilima kilichochoshwa. Hii ya pili inaonyesha mahali ambapo udongo ungali hai.

3. Inafanya nini pale mu bonde?

Watu wengine wanasemaka kwamba fujeri-muti ndiyo inaleta maji. Sivyo. Maji ya chemchemi yanatoka kwa mvua iliyoingia mu udongo wa kilima, pole pole, chini ya miti na majani yaliyooza. Fujeri-muti inamea pale juu ilikuta unyevu na kivuli tayari. Iko kama shahidi: ikiwa nzima, inatuambia kwamba kivuli kingaliko na udongo ungali unashika maji. Ikianza kukauka majani ya juu, inatuambia kwamba kuna kitu kimeharibika: miti ya kando imekatwa, ao shamba limesogea sana mpaka ku chemchemi.

Lakini iko na kazi yake pia. Mizizi yake ni mingi na myembamba, imefumana kama mukeka, na inashika udongo wa ukingo. Ku shina lake kunamea nyasi-mawe, fujeri ndogo ndogo, hata maua ya okide. Ukiing'oa, unatoa ule mukeka kwa mara moja, tena mahali penye mutelemuko na penye maji. Ndiyo sababu mashimo ya kile kijiji yalimwaga udongo.

Basi shauri letu la kwanza kwa kila koperative yenye chemchemi: pande zote za chemchemi, angalau hatua 20, musilime, musichome, musing'oe fujeri. Miti ya asili iliyoko pale muiache. Kama hakuna miti tena, rudisheni kivuli kwanza.

4. Namna ya kuotesha fujeri-muti kwa vumbi yake

Geuza jani lililokomaa, uangalie chini yake. Utaona madoa madogo ya duara, yamepangwa mustari kandokando ya mishipa ya jani. Watu wengi wanafikiri ni wadudu ao ugonjwa. Sivyo. Ndani ya madoa hayo kuna vumbi laini sana inayoitwa spora. Spora ndiyo inashika nafasi ya mbegu. Jani moja kubwa linaweza kutoa spora milioni nyingi. Mu musitu karibu zote zinapotea, juu hazikuanguka mahali panapofaa. Kazi yetu mu pepinyeri ni kuzipatia mahali panapofaa.

Kuchuma. Chagua jani ambalo madoa yake yamekuwa ya kahawia. Yakiwa kijani bado, ngoja. Yakiwa yamepasuka na kukauka, spora zimeisha kuenda. Kata kipande cha jani chenye urefu wa mukono tu. Usikate jani lote, na usiguse moyo.

Kukausha. Weka kile kipande juu ya karatasi safi, madoa yakiangalia chini, kisha kunja karatasi kama bahasha. Weka ndani ya nyumba, mahali pakavu pasipo upepo, siku moja ao mbili. Ukifungua utaona vumbi imeanguka. Inamisha karatasi na uigonge kidogo: takataka nzito zinateleza, ile laini inabakia imeshikamana. Ile laini ndiyo tunataka. Ni vizuri kuitumia ingali mupya.

Kutayarisha chombo. Tafuta chombo cha plastiki kinachopitisha mwangaza, chenye kifuniko, ao chupa kubwa ya maji iliyokatwa. Toboa matundu madogo chini. Weka udongo mweusi uliochanganyika na kompositi iliyooza vizuri, umeupitisha mu kichujio, kimo cha santimetri 5 hivi. Chemsha maji na umwange juu ya ule udongo yakiwa ya moto, ili kuua mbegu za majani mabaya na kuvu. Funika, uache upoe kabisa. Watu wengi wanaruka kazi hii, kisha wanashangaa kuona wameotesha kuvu tupu.

Kupanda. Nyunyiza vumbi kidogo sana, kama chumvi juu ya yai. Usifunike kwa udongo, juu spora inahitaji mwangaza. Funga kifuniko. Andika tarehe. Weka chombo mahali penye mwangaza lakini jua lisikifikie: chini ya baraza, ao ndani karibu na dirisha.

Kungoja. Hapa ndipo uvumilivu unapimwa. Usifungue kila siku. Udongo ukianza kukauka, simamisha chombo mu basani yenye maji yaliyochemshwa na kupoa, yapande kutoka chini. Baada ya majuma kadhaa, mara nyingi kati ya mbili na nane, utaona kitu cha kijani juu ya udongo, kama utelezi ao nyasi-mawe. Usikitupe! Tuliona pepinyeri moja ambapo mulinzi alimwanga kazi ya miezi miwili, akifikiri ni uchafu.

Ile kijani inakuwa vipande vidogo vyenye sura ya moyo, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kila kimoja kiko na sehemu ya kiume na sehemu ya kike. Mbegu ya kiume inapashwa kuogelea mpaka kwa ya kike, na inaogelea ndani ya maji tu. Kwa hiyo, vile vimoyo vikiisha kuenea, vinyunyizie maji safi kama umande, mara moja ao mbili kwa juma. Bila lile tone la maji, hakuna fujeri itakayozaliwa. Hapa munaelewa pia juu ya nini mu musitu inapenda bonde lenye maji.

Kuhamisha. Jani la kwanza la fujeri ya kweli linatokea chini ya kile kimoyo. Yakifika urefu wa santimetri 2 ao 3, fungua kifuniko kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili, ili mimea izoee hewa ya inje. Kisha hamisha mu sashe, vichache pamoja, bila kutikisa mizizi. Weka sashe chini ya kivuli kizito. Itaweza kwenda bustanini ikifika kimo cha santimetri 20 mpaka 30. Hesabuni mwaka muzima, mara nyingi zaidi, kutoka siku ya kupanda spora.

5. Namna ya kuipanda bustanini

Mununuzi akija, musimupatie sashe peke yake. Mupatieni pia mashauri haya, ili asirudi kulalamika.

Hali ya hewa. Miji ya juu yenye baridi kidogo, kama Bukavu na Goma, ambayo iko karibu metri 1500, inaweza kuifaa. Kwa joto la Uvira ao Kalemie, itateswa. Semeni ukweli huo mbele ya kupokea pesa.

Mahali. Chini ya avoka ao muti mwingine wenye kivuli, ao upande wa nyumba usiopata jua la muchana. Pawe pamefichwa na upepo. Kamwe si mbele ya ukuta mweupe.

Udongo. Shimo pana kuliko sashe mara mbili, udongo uchanganywe na kompositi. Kule Goma, juu ya mawe ya volkano, maji yanapita upesi, kwa hiyo kompositi iongezwe. Samadi mbichi inaunguza mizizi, tusiitumie.

Maji. Udongo usikauke, lakini maji yasisimame kama mu shimo la matofali. Wakati wa kiangazi, nyunyiza pia majani na shina. Tandaza majani makavu ya ndizi chini yake.

Nafasi. Metri 2 mpaka 3 kutoka mumea mumoja mpaka mwingine, juu majani yake yatapanuka, tena yana miiba. Isiwekwe karibu na njia ya watoto.

6. Sheria na hesabu

Ndani ya parke ya taifa, hata jani moja halitolewi bila ruhusa ya ICCN. Usiingie, hata kama mununuzi anasema «kidogo tu». Inje ya parke, omba mwenye udongo ao chefu wa eneo. Tena mujue kwamba fujeri za jamii ya Cyathea ziko mu orodha ya mapatano ya dunia yanayoitwa CITES: kuzivusha mupaka kwa biashara kunaomba karatasi ya ruhusa ya serikali. Mutu akitaka kuzipeleka inje ya inchi, amwonyeshe karani wa koperative ile karatasi kwanza.

Sasa tufanye hesabu bila kudanganyana. Fujeri ya pepinyeri haileti pesa ya haraka. Mwaka wa kwanza hautauza kitu. Kwa hiyo tusiache maharagi na viazi kwa ajili yake. Ifanyeni kama kazi ya pembeni: watu watatu ao wane, vyombo kumi, kivuli cha pepinyeri ambayo munayo tayari kwa kahawa ao miti. Gharama ni ndogo. Chombo kimoja kikifanikiwa kinaweza kujaza sashe nyingi, na mwaka unaofuata munachuma tena kutoka jani la fujeri ile ile, inayosimama pale pale ku chemchemi.

Shina linauzwa mara moja. Mwenye kuuza shina ameuza pia ukingo wa maji, na hakuna mununuzi aliyewahi kulipa bei ya ukingo.

Kile kijiji tulichosema mwanzoni, vijana wale wale walirudi ku bonde. Walijaza mashimo, wakapanda miti ya kivuli, wakaacha kulima karibu. Juu kidogo ya muto walikuta fujeri-muti mbili ambazo mununuzi hakuziona. Wameanza na vyombo sita. Tulipopita mara ya mwisho, vine vilikuwa na kuvu. Viwili vilikuwa na ile kijani. Mulinzi wa pepinyeri ameandika juu yake kwa makaa: «Si uchafu.»

Maulizo ya kuzungumuza mu kikundi

1. Kwetu fujeri-muti ziko wapi? Ziko nzima ao zinakauka? Miaka kumi iliyopita zilikuwa ngapi?
2. Kutoka chemchemi yetu mpaka shamba la kwanza ni hatua ngapi?
3. Mununuzi akija kesho na pesa ya mashina, nani atamujibu kwa jina la koperative, na atamujibu nini?
4. Mu pepinyeri yetu, mahali gani pana mwangaza lakini hapana jua? Nani atavumilia kungoja?

Leteni majibu yenu ku mukutano unaokuja, pamoja na kipande cha jani chenye madoa ya kahawia. Tutakiangalia pamoja.